Kijana wa Makerere katika Nyumba ya Redio

Mpendwa mshauri wa gazeti,

Shikamoo huko uliko, na kabla sijakuomba msaada ujue kwanza kwamba anayekuandikia ni mtu mwenye bahati, pengine kuliko wote kuanzia Murongo mpaka Bweranyange, kwa sababu hapa Kimuli redio ya betri iko kwangu tu, iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa alichofuma mke wangu Adelgunda, na tangu ilipoingia nyumbani sijapitwa na jambo, Nairobi wakisema nasikia, Dar es Salaam wakisema nasikia, Kampala wakisema kwa Kiganda nasikia, na yote naelewa, maana Mungu alinipa kichwa chepesi ingawa shule niliishia darasa la pili kwa mapadri na la tatu nililiona kupitia dirishani tu. Vita vilipokuja nikawa dereva wa jeshi, nikafika Bama tulikopigana na Wajapani, nikafika Kolombo, nikala samaki wa pilipili inayotoa machozi mwanaume mzima, nikarudi na meno yangu yote. Basi watu wa hapa wakitaka kujua dunia imeamkaje hawahangaiki, wanakuja dukani kwangu mimi Melkiory, wanakaa kwenye benchi, nami nawapa.

Sasa msaada ninaouomba ni wa mtoto wetu Placidius. Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu Rwegoshora, ameniita Baba tangu hajajua kufunga kifungo, na ndiye wa kwanza katika upande wetu huu kuingia Makerere, anakosoma fiziki na kemia ili baadaye achukuliwe kwenye udaktari. Likizo hii ndefu amerudi kwa lori kupitia Kikagati, ana sanduku la vitabu na uso wa mtu aliyepata msiba njiani. Kemia amefaulu, lakini mtihani wa fiziki ameanguka. Wamempa nafasi ya kuurudia chuo kitakapofunguliwa, na akianguka tena habari ya udaktari imekwisha, arudi hapa apime kahawa kwenye mizani kama mimi. Mbele za watu nilisema amekuja kupumzika.

Nikamwambia, mwanangu, hapa umefika kwenu, hutakosa kitu, nami kweli sikumkosesha, maana nilidhani msomi ni kama ng'ombe wa maziwa, ukimwongezea majani naye anaongeza. Nikawaagiza madereva wote wanaopita waniletee karatasi yoyote yenye maandishi. Wakaleta, mshauri, wale vijana hawana uchoyo, wakaleta magazeti ya Kiganda kutoka Masaka, ya Kiswahili kutoka Bukoba, ya Kiingereza yaliyosomwa na wazungu wa migodi ya bati yakaishia kufungia sukari, wakaleta vijitabu vya bwana shamba juu ya magonjwa ya kahawa, wakaleta kalenda ya misheni, mmoja akaleta karatasi ya maelezo iliyotoka ndani ya boksi la dawa ya minyoo, nayo Placidius akaisoma yote mpaka jina la kiwanda. Meza nikamjazia mpaka kile kitabu cha fiziki nikawa nakitafuta kwa kupapasa.

Halafu mila yetu unaijua. Mgeni akifika huwezi kumpa kiti ukanyamaza, anapewa kahawa ya kutafuna na anapewa habari, na kama nyumbani yuko aliyetoka safari ya mbali basi ndiye anayetakiwa kutoka nje kuzitoa, asipotoka watasema chuo kimemfundisha kiburi, na hapa kwetu kiburi cha mtoto kinahesabiwa kwa mzazi. Kwa hiyo kila mgeni akija namwita. Sikiliza ilivyokuwa majuzi, alipokuja Projest, huyu ni mzee anayefanya kazi kule kwenye migodi ya bati, pamoja na mama Kokwijuka jirani yetu.

"Placidius, njoo, Projest anauliza mambo ya Misri."

"Baba, nasoma."

"Kwani Misri haisomwi?"

Akatoka. Projest akazungusha kahawa yake mdomoni, akauliza, "Hivi huo mfereji wanaogombania ni mkubwa kuliko Kagera?"

"Si jambo la ukubwa, mzee. Ni kwa sababu meli zinapita humo."

"Na Kagera mitumbwi inapita. Mbona hawaugombanii?"

"Labda hawajauona," akasema mama Kokwijuka. "Nyamazeni, wasije wakasikia."

Tukacheka, Placidius naye akacheka, akakaa. Akaeleza mfereji, kutoka kwenye mfereji akaenda kwenye meli, kutoka kwenye meli akaenda kwenye mafuta, kutoka kwenye mafuta sijui alifikaje kwenye mfalme fulani aliyekimbia nchi yake, na mimi nilikuwa nimekaa pale natikisa kichwa kama mtu anayeyajua yote, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kikaisha kikaletwa kingine, na ndani kitabu kimebaki wazi kama nyumba za watu msimu wa senene, wote wakiwa nje kuwakamata.

Nikajisemea, kosa ni letu sisi tunaomwita. Nikaamua siku moja asiitwe na mtu. Nikazima redio, nikafunga mlango wa chumba chake, nikakaa barazani kufukuza wageni, nikamfukuza hata katekista. Baada ya muda nikapita nyuma nikachungulia dirishani. Unafikiri nilimkuta anasoma? Nilimkuta amesimama katikati ya chumba ametega sikio kama mtu anayengoja kuitwa. Akakaa, akafungua fiziki, akaifunga, akafungua kemia, akachomoa gazeti la Masaka chini ya kemia, akasoma juu juu, akaliacha, akasimama tena. Aliponiona akaniuliza, "Baba, redio imeharibika?"

"Nimeizima usome."

"Basi iwashe kidogo tu nijue wamefikia wapi, halafu nitatulia."

Nikaiwasha. Nifanye nini, mtoto ameomba. Hakutulia.

Jioni yake nikamkalisha, nikamuuliza kwa upole, huko chuoni ulikuwa hivi hivi? Akasema, "Huko ni zaidi, Baba. Kuna nyumba nzima ya vitabu. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikaogopa. Vijana wa Kampala na wa Nairobi wanazungumza mezani mambo ya kila nchi, na mimi wa Karagwe nakaa nimeshika kijiko. Nikaona nami nisome yote. Naazima vitabu vingi, navifungua vyote pamoja, nikiwa katika kimoja nasikia kama vingine vinanisema. Naenda chumba cha magazeti nisije nikaulizwa jambo nikakosa. Siku ya mtihani nilipogeuza karatasi nilijua kila kilichotokea duniani wiki ile. Kilichoulizwa pale ndicho sikukijua."

Mshauri, mimi nimeona watu wakipigwa mabomu, lakini maneno hayo yalinikaa vibaya.

Nikamwambia, haya, nisomee basi nisikie, simama hapa unieleze ulichosoma leo, mimi ndiye mwalimu. Akasimama vizuri kabisa, mikono nyuma, akaanza kwa Kiswahili ili nami nifuate. Akasema, "Mwanga unapotoka hewani kuingia majini hupinda, kwa sababu mwendo wake hupungua, na wajumbe wameondoka mkutanoni bila kukubaliana." Adelgunda akaangua kicheko akidhani ni mzaha. Mimi pia nilianza kucheka. Placidius hakucheka. Alikuwa hajajua alichosema mpaka alipotuona tunacheka, ndipo akakaa chini taratibu akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Baba, nipeleke kwa shangazi."

Shangazi yake ni dada yetu Kokubanza, mjane anayelima migomba na kahawa yake kule Bweranyange, mtu mkali, nyumba yake iko ndani kabisa ya migomba, hana redio, hana gazeti, na wageni wake ni kuku. Placidius anataka akae kule mpaka chuo kifunguliwe. Nami nikakataa. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, niende nikamtupe mtoto wa marehemu kaka yangu vichakani, watu waseme Melkiory amemchoka yatima, nyumba yenye bati na redio haikumtosha?

Adelgunda akasema, "Watu gani, Baba Placidius? Hawa hawa wanaokuja kumaliza rubisi yetu na kuuliza Misri?"

"Wewe hujui heshima ya nyumba."

"Naijua, mimi ndiye ninayeifagia. Sema unaogopa nini."

Nikatoka nikaenda dukani kupanga sabuni ambayo ilikuwa imepangika. Tangu hapo hatujaelewana. Kijana anazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, anashika hiki anaacha, anashika kile anaacha, siku zinakwenda, mke ananitazama, wageni wanakuja, redio inasema. Niambie, mshauri, nimwachie aende au nimzuie hapa nimtafutie dawa ya kutuliza kichwa? Nasikia kuna mganga huko Bugomora. Na kama ni kwenda, nitawaambia nini watu?

Kuna jambo moja nimelificha, na Adelgunda ameshalijua. Placidius akiondoka, dukani kwangu nitabaki mimi na redio. Mtangazaji anasema mbio, nashika jina la mji, nashika idadi ya waliokufa, kabla sijauliza walikuwa wanagombea nini tayari amehamia mji mwingine. Ninachowapa watu kwenye benchi ni kile alichokwisha kunieleza kijana. Nilikuambia kwamba yote naelewa.

Nilidanganya. Sielewi.

Melkiory, mwenye duka, Kimuli

*

Bwana Melkiory,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikicheka, nikairudia bila kucheka. Mtoto wa kaka yako umemlea kama wako na umempeleka mpaka Makerere, na wako wengi wenye watoto wa kuzaa ambao hawakufanya hata robo yake. Hilo nakupa. Sasa kaa vizuri, yanayofuata ni makali.

Umemfanyia Placidius jambo ambalo usingeufanyia mkungu wa ndizi. Nyumbani kwako mnatengeneza rubisi. Ndizi mnazitia shimoni, mnafunika kwa majani na udongo, mnaziacha na joto lao. Projest akipita akasema nifunulieni nione kama zimeiva, mnamfunulia? Mama Kokwijuka akipita naye? Mkifunua kwa kila mpita njia joto linatoka, zinaiva upande mmoja na upande mwingine zinabaki ngumu, na rubisi yake hakuna atakayeimeza. Shimo la ndizi unalilinda. Kichwa cha kijana umekifunua tangu siku aliyoshuka kwenye lori, tena wewe ndiye uliyewaita watu waje kuchungulia. Hukufanya kwa ubaya. Ulitaka kumshibisha. Lakini mtu aliyeshiba ukiendelea kumlisha hanenepi, anatapika, nawe ulimsikia akitapika mwanga na wajumbe kwa pamoja.

Habari ya mganga wa Bugomora iache kabisa. Kijana hakurogwa.

Placidius, najua unalisoma gazeti hili, maana unasoma kila kitu hata karatasi ya dawa ya minyoo. Usijifiche nyuma ya baba yako. Siku ile alifunga mlango, akazima redio, akamfukuza mpaka katekista, na bado wewe ndiye uliyeomba iwashwe. Unaogopa kuulizwa jambo usilijue. Hofu hiyo ilikupeleka kwenye chumba cha magazeti wakati wenzako wanajiandaa, na wale vijana wa Kampala na Nairobi unaowaogopa, wengi wao wanajua kichwa cha habari tu, na mezani wanapaza sauti ili wasiulizwe zaidi. Unataka kuwa daktari. Mgonjwa atakapolazwa mbele yako hatakuuliza mfereji umefikia wapi. Atataka umtazame yeye peke yake mpaka uone anaumwa nini. Kama huwezi kukaa na ukurasa mmoja mpaka mwisho, utakaaje na mtu anayelia? Jifunze sasa, wakati anayeumia ni wewe tu.

Turudi kwako, Bwana Melkiory. Ugonjwa alionao kijana unao wewe pia, yeye anaogopa meza ya chuo na wewe unaogopa benchi la dukani. Unamzuia asiondoke kwa sababu ndiye anayekutafsiria dunia, kisha unaliita jambo hilo heshima ya nyumba. Mkeo alikuuliza unaogopa nini, ukaenda kupanga sabuni. Rudi umjibu. Yeye ndiye mtu mwenye akili iliyotulia katika nyumba hiyo na hukumsikiliza.

Kutoielewa redio si aibu. Wanasema mbio, wanaruka kutoka nchi hadi nchi, hata sisi tunaoandika magazeti hubaki midomo wazi. Aibu ni kutikisa kichwa. Fungua redio mara moja kwa siku, chagua habari moja inayokugusa, bei ya kahawa kwa mfano, isikilize, halafu zima na uifikirie hiyo hiyo. Mtu akikuuliza nyingine, mwambie sijui. Jaribu kulitamka neno hilo ukiwa peke yako dukani, litatoka kwa shida mwanzoni. Hakuna atakayehama benchi lako. Uliwahi kuendesha lori la jeshi huko Bama. Wasimulie hayo, uliyaona kwa macho yako na huhitaji mtu wa kukueleza.

Sasa fanya hivi, wala usiongeze chako. Kijana aende Bweranyange kwa shangazi yake. Aliomba mwenyewe, na mgonjwa anayeomba dawa yenyewe hanyimwi. Achukue kitabu cha fiziki, daftari na kalamu. Kemia alifaulu, ibaki. Vitabu vingine na makaratasi yote ya madereva yafungwe sandukuni na ufunguo akae nao Adelgunda, si wewe, wewe una huruma mbaya. Kokubanza ampe jembe asubuhi, apalilie migomba mpaka mwili uchoke, kisha akae na ukurasa mmoja, asigeuze wa pili kabla hajaueleza wa kwanza kwa sauti, hata kama wasikilizaji ni kuku. Siku za mwanzo atahangaika kama mvutaji aliyekosa tumbaku, atasimama, atatega sikio, atauliza kama kuna anayekwenda mjini Kayanga amletee gazeti. Shangazi asimhurumie. Mwambie pia asimletee habari kutoka sokoni. Vita vikifika Bweranyange, Placidius atavisikia bila redio.

Kuhusu watu, usiwafiche tena. Siku moja kabla ya safari waite wote pamoja, wape kahawa ya kutafuna, kijana atoke awasalimie mara moja, kila mtu na heshima yake, ili asidaiwe salamu na mtu. Kisha wewe, kwa mdomo wako, mbele ya Projest na mama Kokwijuka, useme: mtoto wetu ameanguka fiziki, anakwenda kusoma ili airudie, na mimi ndiye niliyekuwa namsumbua. Litakuuma. Lakini ukishalisema wewe hakuna atakayelinong'ona, na kijana ataondoka bila mzigo wa uongo wako juu ya mtihani wake. Sikuahidi kwamba atafaulu, hilo liko kwake na kwa siku zilizobaki. Ninachojua ni kwamba akibaki hapo kwako hatafaulu.

Malori ya kahawa yanapita Kimuli asubuhi. Mpandishe la kwanza litakalokuwa na nafasi, kaa naye mpaka liondoke, na usimpe gazeti la kusomea njiani.